Mapafu yaliyowekwa kwenye mashine kabla ya kupandikizwa, ni salama kweli? Mjomba yuko kwenye foleni Toronto

Binti wa Pangani

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie kuelewa hili jambo maana hapa nyumbani Tanga hatulali vizuri. Mjomba wetu anaishi Kanada miaka mingi, mapafu yake yameota makovu ndani mpaka yamekuwa magumu, saa hizi hata kwenda chooni anaenda na mtungi wa oksijeni. Wameshamuweka kwenye orodha ya kusubiri mapafu pale Toronto General. Sasa juzi kapiga simu anasema daktari kamweleza kwamba siku akiitwa anaweza kupewa mapafu ambayo mwanzo yalionekana na mashaka, yakawekwa kwenye mashine nje ya mwili, yakapumua masaa kadhaa, yakatibiwa humohumo, ndo yakakubaliwa. Yeye mwenyewe kasema sawa hana neno, ila mama (ndo dada yake mkubwa) kagoma kabisa, anasema mdogo wangu hawezi kupewa mapafu ya mtumba, mwambieni asubiri mazima.

Naomba mwenye kujua anieleze nami nimweleze mama. Pafu linakaaje hai nje ya mtu? Kwanini wasiliweke tu kwenye barafu kama tunavyosikia siku zote? Na aliyepewa la namna hiyo anaishi sawa na wenzake? Tafadhali msilete za kutisha zisizo na uhakika, kuna wagonjwa wanasoma humu.

Nesi Ontario

Pole sana dada, na shikamoo yangu imfikie mama. Mimi nafanya ICU huku Ontario, sio daktari wa upasuaji, ila waliopandikizwa mapafu tunawapokea sisi wakitoka thieta kwahiyo nakwambia tunayoyaona na tunayofundishwa kazini. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza mama ajue kwanini mapafu ya marehemu yanakuwa na mashaka. Mtoaji mara nyingi ni mtu aliyekufa ubongo, kagongwa na gari au mshipa umepasuka kichwani, yuko ICU anapumuliwa na mashine. Ubongo unapokufa mwili unamwaga homoni za mshtuko kwa wingi, presha inapanda ghafla na maji yanasukumwa kwenda mapafuni. Wakati huohuo ana mpira kooni, pengine mate au matapishi yameshaingia ndani, nimonia inaanza, sehemu za nyuma za pafu zinasinyaa kwa kulazwa chali muda mrefu. Figo na ini vimejificha ndani huko, pafu ndo linalopokea hewa ya nje kila dakika, kwahiyo linaumia mapema. Ndo maana kwa miaka mingi katika kila watoaji watano ni kama mmoja tu ambaye mapafu yake yalitumika. Ya wale wanne yalizikwa nao, na wala sio kwamba yote yalikuwa yameoza, mengi yalikuwa na maji tu, au daktari wa upasuaji yuko hospitali ya mbali saa nane usiku anaangalia eksirei anaona wingu, anajiuliza nikibeba hili likashindwa nitamwambia nini mke wa mgonjwa wangu, anasema hapana. Hakuwa na njia ya kuhakikisha. Alikuwa anakataa kwa wasiwasi, na mimi simlaumu.

Sasa jinsi ya kuyatunza. Wakati wa kuyatoa wanaingiza maji maalum ya baridi kwenye mshipa mkubwa unaotoka moyoni kwenda mapafuni, damu inasafishika yote, halafu wanarudia kwa upande wa pili kupitia mishipa inayorudi moyoni, hapo vipande vya damu iliyoganda vinasukumwa nje. Pafu wanaliacha na hewa kiasi yenye oksijeni, wanabana njia ya hewa, linaingia kwenye mifuko tasa kisha kwenye boksi la barafu. Pafu zuri bado linasafiri hivyo hata leo. Shida ya barafu ni kwamba inalilaza tu, lenye ugonjwa haliponi na wala huwezi kujua hali yake, na ikishapita masaa sita mpaka nane kila mtu anaanza kuangalia saa.

Lenye mashaka likifika linatolewa kwenye barafu linaingia kwenye chombo chenye mfuniko wa plastiki unaoona mpaka ndani. Bomba moja kwenye mshipa wa kuingilia, bomba jingine kwenye mishipa ya kutokea, mpira wa ventileta (mashine ya kupumulisha) kwenye njia ya hewa. Pampu inaanza polepole sana, maji yanapashwa kidogokidogo, ventileta haiwashwi mpaka joto lifike kama nyuzi 32 na kitu, na baadae pafu linakuwa nyuzi 37, joto lako wewe na langu. Linapumua mara 7 kwa dakika, pumzi ndogondogo, na kinachopita kwenye mishipa ni kama asilimia 40 tu ya ambacho moyo ungesukuma, na wanafanya makusudi maana wakisukuma kwa nguvu zote litajaa maji upya. Ukiliona lilivyokuja limelala kijivu halafu linaanza kuinuka na kurudi rangi yake ya waridi, dada kwakweli unamtukuza Mungu.

Yale maji yanayozunguka kwa njia ya Toronto hayana damu. Yana chumvi zinazokaribiana na za damu, albumini ya binadamu, na sukari moja yenye molekuli kubwa inaitwa dekstrani. Hizi mbili zinavuta maji yaliyokwama kwenye nyama ya pafu yarudi kwenye mishipa na kutoka, na hapo ndipo pafu linapopata nafuu. Wanaongeza antibayotiki, steroidi na heparini ya kuzuia kuganda. Wanaingiza kamera wanafyonza makohozi, wanapiga eksirei, na kila saa wanapima kama pafu linaingiza oksijeni. Masaa manne mpaka sita hivi. Likienda vizuri linapozwa tena linapelekwa thieta, likizidi kukaza linawekwa pembeni na hakuna mgonjwa atakayelipata. Kwahiyo mwambie mama pafu lililotoka kwenye mashine limechunguzwa kuliko hata lile lililokuja na barafu moja kwa moja.

Kuhusu kuishi, Toronto walitangaza mwaka 2011 kazi ya Cypel, Keshavjee na wenzao. Mapafu 23 yenye hatari kubwa yaliingia kwenye mashine, 20 yakapandikizwa. Pafu jipya kuleta matatizo makubwa siku tatu baadae ilitokea kwa asilimia 15 ya wale 20, na kwa waliopewa mapafu ya kawaida ilikuwa asilimia 30. Wenyewe hawakudai ya mashine ni bora, walisema tofauti hiyo haitoshi kitakwimu, ila ni wazi hayakuwa mabaya zaidi. Mwaka 2019 wakatoa tena hesabu ya watu 230 waliopata ya mashine dhidi ya 706 wa kawaida, kuishi kwao na ile hali ya mwili kulikataa pafu taratibu kwa miaka vilikuwa vinakaribiana. Kwa hospitali hiyohiyo anayosubiria mjomba wako.

Msukuma wa Uswidi

Nesi umeeleza vizuri sana, ahsante. Naongezea historia kidogo maana nasoma hapa Lund na huku hii kitu wanaionea fahari na wana haki.

Toronto wana heshima yao, pale ndipo Joel Cooper alipofanya pandikizo la kwanza la pafu moja lililofanikiwa mwaka 1983, mgonjwa akaishi zaidi ya miaka sita, wakati yule wa kwanza kabisa duniani, wa James Hardy kule Mississippi 1963, aliishi siku 18. Lakini hii ya kulifufua pafu nje ya mwili ikafika kwa mgonjwa ni kazi ya Stig Steen hapa Lund. Mwaka 2000 alichukua pafu la mtu ambaye moyo wake ulikuwa umeshasimama, sio ubongo, jambo ambalo wengi waliliogopa, akalipima kwenye mashine kwanza kisha akampandikizia mama mmoja. Kabla ya hapo alitumia miaka kutengeneza yale maji, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake, Steen Solution. Mwaka 2005 akaenda mbele zaidi, akachukua pafu lililokuwa limekataliwa kabisa, akalitibu, akalipandikiza. Toronto wakachukua wazo wakalirefusha, maana ya Lund ilikuwa ya muda mfupi na maji yake yanachanganywa chembe nyekundu za damu, wao wakatoa damu, wakapunguza kasi, wakaonyesha kwa nguruwe kwamba pafu linaweza kukaa masaa 12 bila kuharibika.

Kitu kinachonigusa mimi ni kwamba pafu ndo kiungo ambacho hata damu ikisimama linabaki na hewa ndani yake, chembe zake zinaendelea kupata oksijeni kwa muda. Ndo maana lile la mwaka 2000 liliwezekana.

fundi_umeme_Temeke

Samahani naingilia, mimi ni fundi wa vifaa vya hospitali hapa Dar na hii thread imenishika. Kuna kitu sijaelewa. Mnasema wanapima kama pafu linaingiza oksijeni, sasa kama maji yanazunguka tu kwenye mduara mmoja si baada ya dakika chache yatakuwa yamejaa oksijeni yote? Utajuaje pafu linafanya kazi?

Msukuma wa Uswidi

Swali zuri sana fundi! Kabla maji hayajarudi kwenye pafu yanapitishwa kwenye utando wenye gesi, hiyo gesi ni naitrojeni kwa sehemu kubwa, oksijeni kidogo na kabonidayoksaidi kidogo. Utando unanyang'anya oksijeni na kuweka kabonidayoksaidi, kwahiyo yanaingia kwenye pafu yakiwa na hali ya damu iliyochoka inayotoka mwilini. Pafu linatakiwa liyageuze. Wanapima yanapoingia na yanapotoka, ventileta ikiwa kwenye oksijeni asilimia 100, na Toronto walitaka tofauti ya presha ya oksijeni ifike angalau milimita 350 za zebaki.

Ila hapo kuna mtego na wenyewe waliugundua kwa kazi. Kwa kuwa hakuna chembe nyekundu, oksijeni inaweza kuonekana nzuri wakati pafu limeshaanza kuharibika. Kinachoonya mapema ni ule ugumu, pafu linaanza kugoma kutanuka, presha ya njia ya hewa inapanda, oksijeni inafuata nyuma. Kwahiyo anayesimamia mashine hatakiwi kukodolea macho namba moja.

fundi_umeme_Temeke

Nimekupata mkuu, aisee. Kumbe pampu, utando, hita, filta, ventileta, vyote hivi kimojakimoja tunavyo kwenye mashine za upasuaji wa moyo.

Kaka wa Leicester

Naheshimu wote waliotangulia ila dada kaomba uhakika, basi na upande wa pili usemwe. Hapa Uingereza walifanya utafiti wao, DEVELOP-UK, vituo vyote vitano vya kupandikiza mapafu ya watu wazima, ripoti ikatoka 2016. Mapafu 53 yaliingia kwenye mashine na 18 tu yakapandikizwa, yaani theluthi moja. Waliokuwa hai baada ya mwaka mmoja ni asilimia 67 kwa ya mashine na 80 kwa ya kawaida. Walikaa ICU muda mrefu zaidi na wengi zaidi walihitaji ile mashine ya kusaidia damu kupata oksijeni, ECMO. Na gharama ilikuwa juu. Sisemi mjomba akatae, nasema familia isiambiwe kwamba hakuna hatari yoyote, maana likitokea la kutokea mama atasema mlinidanganya.

Nesi Ontario

Kaka nakushukuru umeleta hii, na hizo namba ni za kweli. Na mimi naongeza yafuatayo ili dada awe na picha nzima. Wagonjwa 18 ni wachache sana, hiyo tofauti ya 67 na 80 wenyewe walisema haijathibitika kitakwimu, na utafiti ulisimama kabla ya idadi waliyopanga. Utaratibu wao wa kuendesha mashine haukuwa wa Toronto. Halafu Toronto wanafanya kazi hii tangu 2008 kwa mamia ya mapafu, mikono ile imezoea, na kwenye jambo hili mazoea ya timu yana uzito kuliko mashine yenyewe. Ningekuwa na ndugu kwenye kituo kinachofanya mawili kwa mwaka ningeuliza maswali mengi zaidi.

Ila kaka yuko sahihi kwamba hatari ipo. Kupandikiza mapafu ndo kugumu kuliko figo na ini, haya ya mashine na yasiyo ya mashine. Kwa wastani wa dunia nusu ya waliopandikizwa wanaishi miaka sita saba hivi au zaidi, wengine wanafika ishirini. Dawa za kuzuia mwili usilikatae pafu ni za maisha yote. Lakini hesabu ambayo mama hajaiweka ni ile ya kusubiri. Mwenye mapafu ya makovu hana muda wa kuchagua, wapo wanaofariki kwenye orodha wakisubiri hayo mazima. Kukataa ya mashine maana yake ni kurefusha foleni yako mwenyewe.

Mwanakombo_Msa

Jameni mimi nasoma tu hapa Mombasa nimejaa mafikira. Kwani huku kwetu hii kitu iko? Babangu alikufa na mapafu, tuliambiwa ni oksijeni nyumbani mpaka mwisho.

Nesi Ontario

Pole sana Mwanakombo, Mungu amrehemu baba. Kwa mapafu bado huku kwetu. Tunapandikiza figo, Kenya wameanza zamani na Muhimbili walianza mwaka 2017, lakini hizo figo zinatoka kwa ndugu walio hai. Mapafu karibu yote yanatoka kwa waliofariki, kwahiyo kabla ya mashine inatakiwa sheria ya kutoa viungo baada ya kifo, ICU zinazoweza kumtunza mtoaji, watu wa kuzungumza na familia usiku ule wa msiba. Afrika Kusini wanafanya. Sisi tungeanza na mtungi wa oksijeni kumfikia kila anayeuhitaji nyumbani bila familia kuuza shamba, hilo linaniuma kuliko mashine.

Msukuma wa Uswidi

Kuna jipya moja nilisahau na linahusu swali la barafu. Miaka yote pafu lilihifadhiwa kwenye boksi la barafu, karibu nyuzi 4, kwa sababu ni rahisi kubeba. Toronto wakajaribu kuhifadhi kwenye friji maalum ya nyuzi 10 na wakakuta mitokondria, yale mashine madogo ya nguvu ndani ya chembe, yanabaki na afya zaidi kuliko kwenye 4. Walitangaza 2021 wakiwa na wagonjwa watano wa kwanza, baadae 2023 wakaja na wagonjwa 70 wakishirikiana na Vienna na Madrid, pafu linalotoka usiku linawekwa nyuzi 10 mpaka asubuhi na upasuaji unafanyika timu ikiwa imeshapata usingizi wake, matokeo hayakuwa mabaya kuliko ya kawaida. Fikiria hapo, pafu linalotoka mkoa wa mbali na ndege imechelewa halitupwi tena. Kwahiyo mjomba anaweza kukutana na yote mawili, friji na mashine, kwa pafu moja.

Wanajaribu pia mambo makubwa humo kwenye mashine. Mwaka 2022 walitumia vimeng'enya kufuta alama za kundi la damu A kwenye pafu ili lifae kwa mtu wa kundi lolote, hiyo ilikuwa maabara kwa mapafu yasiyofaa kupandikizwa. Watu wa kundi O ndo wanasubiri muda mrefu maana wao hawapokei la A wala la B.

Binti wa Pangani

Jamani nimesoma yote mara mbili, Mungu awabariki. Nimemsomea mama ile sehemu ya nesi ya yule daktari wa saa nane usiku, amenyamaza muda halafu ameuliza swali lake mwenyewe naliandika kama alivyosema: je wakimwita wakampasua halafu mashine ikasema pafu bovu, itakuwaje? Na je kama moja ni zima na jingine bovu?

Nesi Ontario

Mama kauliza la maana. Hawampasui mpaka timu iliyo kwenye pafu iseme ndiyo. Mjomba ataitwa, ataambiwa asile wala asinywe kitu, atachukuliwa damu, ataandaliwa, atakaa kitandani hospitalini akisubiri na hiyo kusubiri inaweza kuwa ndefu kwa sababu mashine inahitaji masaa yake. Likikataliwa anarudishwa nyumbani na nafasi yake kwenye orodha iko palepale. Hii inatokea sana, wengine inawatokea zaidi ya mara moja, na inaumiza roho, kwahiyo nyinyi huko Tanga mkiambiwa ameitwa msitangaze kwa ukoo mzima kwanza.

Kuhusu moja zima jingine bovu, ndiyo yanaweza kutenganishwa. Wanaweza kuliacha bovu wakatumia lile zima peke yake, na kwa ugonjwa wa makovu pafu moja linaweza kumtosha mtu, inategemea umri wake na presha ya mishipa ya mapafu yake. Hilo mjomba amuulize daktari wake mapema, kabla ya simu kulia: akipatikana moja tu nitapewa au nitasubiri mawili. Na aendelee na mazoezi ya kliniki hata siku anazojisikia hovyo, anayefika mezani miguu ina nguvu anatoka ICU kwetu haraka.